Jumamosi Bi Zamda Hapiki

Wanawake wa Kibiti walimsema Bi Zamda mpaka ndimi zikaota sugu. Kisa? Kila Jumamosi alikwenda kula hotelini. Si kwamba amesafiri, si kwamba mgonjwa, si kwamba nyumba imeungua. Mtu mzima, wajukuu anao, jiko analo, anajitanda kanga yake vizuri, anavuka barabara ya Lindi, anaingia hotelini katikati ya wanaume, anavuta kiti, anakaa. Halafu anaagiza!

"Huyu kwao hakufunzwa," walisema.

Alifunzwa, tena sana, na huko kufunzwa ndiko kulikomchosha. Mwiko aliushika ana miaka minane, kwao Chumbi, akiwapikia baba na kaka zake waliokuwa shambani wakiinga ndege wasile mpunga. Akaolewa. Mume wa kwanza alikuwa akionja mchuzi kwa ncha ya kidole, uso kaukunja, kama polisi anayetafuta magendo. Huyo akamwacha, na nyumba ikapumua. Wa pili alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini alikula kama watatu. Watoto sita. Halafu misiba na harusi za watu: pakifa mtu huku, hata maiti hajaoshwa, wanamtuma mtu kwa Zamda, njoo na mwiko wako.

Na katika miaka yote hiyo hakuna hata siku moja alipokula wa kwanza. Alikula wa mwisho, jikoni, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na kilichobaki ndicho chake. Kisipobaki, ukoko.

Basi mume wa pili alipofariki, akakaa eda yake miezi minne na siku kumi, hakuna aliyemwona mlangoni. Siku zilipokwisha akaoga, akachukua hela ya mkeka aliouza, akaenda zake hotelini kwa Mzee Abdalah. Ilikuwa Jumamosi. Akaletewa wali kwa kamba. Wala haukuwa wa kusifia, nazi ilikuwa ya kuhesabu matone. Lakini aliletewa. Hakuna aliyemwuliza maji yangu yako wapi, hakuna aliyelia anataka nyama ya mwenzake. Alikula mpaka akamaliza, akanawa, akaacha sahani palepale juu ya meza, chafu, akaondoka bila kugeuka. Watu wanasema alitembea kama bibi harusi.

Tangu hapo, Jumamosi ikawa yake.

Sasa, kula kwenyewe kulikuwa kwepesi enzi za Abdalah. Chakula kilikuwa na bei, na bei ilikaa mahali pake mwaka mzima kama mke mtulivu. Halafu yakaja haya mambo ya kufungua biashara. Maduka yakajaa sabuni na kanga, hilo ni kweli, tulishazoea kuoga na majani. Lakini bei nazo zikafunguliwa, zikatoka mbio kama mbuzi waliokatiwa kamba. Kamba wetu wa deltani wakaanza kupakiwa kwenye magari ya barafu, wanakwenda kuliwa na watu ambao hata hawajui tope la mikoko linanukaje. Abdalah akazeeka, akamwuzia hoteli kijana mmoja wa bara, jina lake Joachim.

Joachim alikuwa msafi, mstaarabu, na salamu anajua. Kosa lake lilikuwa moja: alidhani kila mzee ana mtoto Dar es Salaam anayemtumia hela. Akatundika ubao mweusi ukutani, akanunua chaki, na kila baada ya wiki mbili tatu anafuta, anaandika upya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeandika nini tena huko?"

"Bei, bibi. Imepanda kidogo. Si unajua petroli imepanda."

"Kwani wali wako unaupikia petroli?"

"Mchele unaletwa na gari, bibi."

"Kutoka Chumbi hapo? Mimi nilikuwa nauleta kichwani, na mtoto mgongoni."

Joachim akacheka. "Siku hizi bei huria, bibi. Kila mtu anauza anavyotaka."

"Na mlaji naye anakula anavyotaka?"

Joachim akaenda kufuta meza ambayo ilishafutwa.

Ubao ule uliwatoa wazee mmoja mmoja. Mzee Mshamu, aliyekuwa fundi wa pantoni pale Ndundu, mtu wa supu na chapati mbili kila asubuhi, akaacha supu, halafu akaacha chapati. Mwisho akawa anaagiza chai tupu, na muhogo wa kuchemsha anakuja nao mfukoni mwa kanzu. Kanzu ikapata doa upande mmoja. Joachim akaandika chini ya ubao: Ni marufuku kuingia na chakula. Mshamu akasema hajaona, miwani ameisahau nyumbani. Miwani! Tangu azaliwe hajamiliki miwani. Wengine wakawa wanakunywa kikombe kimoja watu watatu, kinazungushwa kama chetezo cha maulidi. Wengine walihamia kwenye vibaraza vyao, wakasema hoteli imejaa nzi. Nzi walikuwepo tangu zamani, ila zamani walikuwa na hela.

Bi Zamda hakuhama. Alishuka ngazi. Kutoka wali kwa kamba akashuka kwenye wali kwa samaki, kutoka samaki akashuka kwenye maharage. Akaja kwenye wali kwa mchuzi, mchuzi ambao kuku amepita juu yake tu. Kisha wali nusu. Na huku mikeka ya ukindu anayosuka haipandi bei, maana duka la jirani limeleta mikeka ya plastiki, ina picha za tausi, na wanawake wa Kibiti kwa tausi hawajiwezi.

Shoga yake Johari, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anamngoja barazani kila akirudi.

"Umekula nini leo, mwenzangu?"

"Wali."

"Si upike nyumbani? Kwa bei ya nusu ile ya hotelini unapata kibaba kizima cha mchele. Wali huohuo."

"Nani atapika?"

"Si wewe!"

"Basi si huohuo."

Johari alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Na siku moja alimwona anarudi mapema mno, akajua.

"Leo umekula nini?"

Bi Zamda akapapasa ufunguo wa mlango.

"Sema bwana."

"Chai."

"Loo! Leo umepikiwa maji!"

Johari alicheka peke yake. Bi Zamda aliingia ndani, akafunga mlango, na jioni yake hakutoka hata kuomba moto. Ngazi ilikuwa imekwisha. Chini ya chai hakuna kitu, labda kwenda kukaa kunusa. Bei ikipanda tena hata senti, Jumamosi yake inakufa, naye anarudi juu ya mbuzi ya nazi, siku saba kwa saba, mpaka siku atakayopikiwa wali wa matanga yake mwenyewe, na huo hataula.

Jumamosi iliyofuata alikwenda hivyohivyo, na hela ya chai imefungwa kwenye pindo la kanga. Akakuta hoteli haina harufu yake. Vicky, mpishi wa Joachim, alikuwa ameondoka. Alimwomba tajiri wake amwongezee mshahara, akaambiwa hali ngumu. Naye akasema kama ni bei huria, mkono wake pia una bei, akapanda basi kwenda Dar. Msichana yule alikuwa na akili, basi tu watu hawakumwona.

Kwa hiyo jikoni yuko Joachim mwenyewe, taulo shingoni, jasho linachuruzika. Na nje basi la Lindi limesimama, abiria walilala njiani wamekwama kwenye tope, wana njaa ya kutafuna viti.

Bi Zamda akakaa. Akaagiza chai. Kabla haijaja, pua ikamwambia: wali unaungua. Akajisemesha, haunihusu, mimi mteja. Akatazama barabarani. Pua ikasema: umeanza kushika chini. Akatazama ubao. Pua ikasema: Zamda, robo saa nyingine hakuna wali, kuna mkaa.

Akainuka, akatukana kimoyomoyo, akaingia jikoni.

"Toka hapo! Tui zito umelitia lini?"

"Mwanzo, bibi, ili liive."

"Mwanzo! Nani amekufundisha, adui yako? Tui jepesi kwanza, zito mwisho, ukishatia unapunguza moto chini unapalia makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yako wapi?"

"Juu? Juu ya kifuniko, bibi? Kwani wali unaiva kwa juu?"

Bi Zamda akamtazama kama mtu anayetazama maiti mchanga. Akaepua sufuria, akahamisha wali wa juu bila kugusa wa chini, akauwekea kaa lililozimika linyonye harufu ya moshi, akaweka maji jikoni kwa sufuria ya pili, akamsukuma Joachim kwenye vitunguu. Abiria walikula, wakaongeza, wengine wakalamba vidole mbele za watu.

Joachim nusura alie. Akampakulia sahani imejaa, na paja la kuku juu yake. "Kula, bibi, bure. Na ukija kupika kila siku, utakula bure kila siku, hata Jumamosi. Unachotaka!"

Bi Zamda akakaa na sahani yake. Akala tonge la kwanza. Akainuka kutazama makaa. Akala la pili. Akaenda kuonja mchuzi. La tatu hakulimaliza. Wali ulikuwa mzuri, na ndiyo shida yenyewe, aliujua kila punje ilikotoka. Akaisukuma sahani.

"Nisikilize, baba. Jumapili mpaka Ijumaa nitakupikia. Mshahara utanipa uleule aliouomba Vicky."

"Bibi, ule mkubwa mno!"

"Kila mtu anauza anavyotaka."

Joachim akautazama ubao wake. "Haya. Na Jumamosi?"

"Jumamosi mimi mteja. Utanipikia."

"Nani?"

"Wewe. Kuna mwingine humu?"

"Bibi, mimi sijui kupika!"

"Nimenusa. Na nitalipa bei ya ubaoni, sitaki cha bure. Cha bure ukikilalamikia unaonekana huna adabu."

Watu walicheka mji mzima. Ajuza amejifunga kupika siku sita ili asipike moja! Hesabu gani hiyo? Wacheke. Hao ndio haohao wanaokula nyumbani kila siku, na ukiwauliza nani amepika, hawakumbuki jina.

Jumamosi ikafika. Wateja walishaonyana, hoteli nyeupe, haina mtu, hata Mshamu na muhogo wake hakuonekana. Bi Zamda akaingia, kanga mpya, akavuta kiti cha katikati, akasoma ubao mzima kwa midomo ingawa kusoma kwake ni kwa kubahatisha. Akaagiza wali kwa kamba.

Kilicholetwa, Mungu anisamehe, chini bokoboko, juu mchele, na kamba wamekakamaa kama vifungo vya koti. Johari alikuja kuchungulia mlangoni makusudi, akatumbukiza jicho kwenye sahani.

"Shoga! Huo hata kuku wangu hawali!"

"Nyamaza, nakula."

Na kweli alikula. Taratibu, tonge baada ya tonge, anatafuna punje mbichi kwa meno yake machache, hainuki, hatazami jikoni, hageuki hata masufuria yalipoanguka huko ndani na Joachim akapiga yowe la kuungua. Akafika nusu ya sahani, akagonga meza.

"Joachim! Chumvi hujatia. Na maji ya kunywa yako wapi?"

"Naleta, bibi, naleta!"

Bi Zamda akanyoosha miguu chini ya meza, akasubiri kuletewa.