Nilikata Ushuhuda Wangu Nusu, Delfin Akaingiza Pikipiki Sebuleni

Jumanne asubuhi nilipanda pikipiki ya abiria ambayo haikuwa barabarani. Ilikuwa sebuleni, kati ya kochi na televisheni.

Usicheke kwanza.

Mimi ni Dita, mfua nguo wa mji mmoja mdogo wa Bicol, Ufilipino, miaka hamsini na mbili. Kusoma nimejua juzi tu, darasa la jioni. Nilipoona naweza, nikajiunga na darasa jingine pale parokiani, la kuwatembelea wanaougua akili.

Sista anayetufundisha alituandikisha mstari mmoja tu: usihubiri, kaa naye.

Kwangu hiyo ni adhabu. Mimi hata mbuzi namhubiria.

Basi nikatumwa kwa Delfin, dereva wa pikipiki yenye kibanda cha abiria ubavuni. Aliwahi kuugua akili, akatibiwa, akatulia miaka. Sasa ilikuwa siku ya sita amekaa kwenye usukani mle ndani. Haogi, halali.

"Panda, Ate," akaniambia bila kugeuka. Kwetu Ate ni dada mkubwa.

Nikapanda. Ningefanyaje?

Nikaomba kimoyomoyo: Bwana, nifunge mdomo. Akanifunga, mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Robo saa ikapita. Nusu saa. Kuku akaingia, akatutazama, akatoka.

"Huulizi tunaenda wapi?"

"Dereva ni wewe."

Akacheka kidogo. Kisha akasema taratibu, "Kuna sauti inaniambia nipeleke abiria darajani, nimtupe. Abiria mwenyewe ni mimi."

Mahubiri yakanijia mdomoni. Lakini sista alitufundisha kuuliza bila kuzunguka.

"Unataka kufa, Delfin?"

"Sitaki. Ndiyo maana nimeiingiza ndani."

Mtaa mzima ulikuwa unamcheka kwa hiyo pikipiki. Kumbe ndiyo breki aliyobaki nayo.

"Dawa zako unakunywa?"

"Muulize Nanay."

Mama yake, Nanay Sepa, alikuwa jikoni anakoroga wali wa nazi. Akanyoosha mwiko kuelekea meza ya watakatifu. Boksi la dawa lilikuwa miguuni pa sanamu ya San Roque, mtakatifu wa wagonjwa, limefungwa utepe mwekundu kama zawadi.

"Nimeweka nadhiri," akasema. "Siku tisini bila dawa, San Roque amponye."

"Nanay, nani alikudanganya hivyo?"

Akaacha kukoroga.

"Wewe."

Nikageuka kuona kama kuna mtu nyuma yangu.

"Mwezi wa tano, kwenye rozari ya mtaa kwa jirani yetu Aling Puring. Ulisimama ukasema miaka miwili ulikuwa hulali, hutaki kuishi. Ukasali novena, siku ya tisa ukaamka mzima. Nililia mpaka leso ikalowa. Nikasema, kama Dita kapona kwa sala tu, wangu je?"

Ni kweli nilisema hivyo, na watu walipiga makofi.

Ambacho sikusema ni kwamba siku zote hizo tisa, na mwaka mzima baadaye, nilikuwa nameza vidonge vya kituo cha afya. Nilivikata kwenye ushuhuda. Vingeharibu utamu wake.

Nikamwambia Nanay Sepa ukweli palepale. Akanifinya mkono, ule mfinyo wa mama, na alama ninayo.

"Basi tumpe dawa," nikasema.

"Siwezi. Nimeahidi. Nikivunja nadhiri, atakayeadhibiwa ni yeye."

Kwetu nadhiri si mchezo. Mtu yuko tayari kutembea kwa magoti mpaka altareni kuliko kumkosea mtakatifu.

Nikampigia padre. Padre Amando akaja na kandambili, helmeti kichwani, akasikiliza yote akiwa amesimama.

"Nadhiri hii naibadilisha," akasema. "Nina ruhusa hiyo. Kuanzia leo nadhiri yako ni kumpa dawa kila siku na kusali Baba Yetu, mpaka daktari aseme basi."

"San Roque hatakasirika, Padre?"

"Akikasirika mwambie aje kwangu. Nyumbani anapajua."

Nanay Sepa akafungua utepe.

Delfin alinipa ufunguo wa pikipiki mwenyewe. Tukaenda naye kituo cha afya kwa miguu, mimi, yeye na mama yake, tumeshikana mikono kama watoto wa komunyo ya kwanza, kwa njia isiyopita darajani. Daktari akamwanzishia dozi upya, akamlaza wiki mbili. Leo yuko nyumbani. Siku mbaya bado zipo, ila siku hizo anatuambia.

Ikabaki deni langu kwa Mungu. Ijumaa ya wiki ile nikasimama kwenye rozari ileile, mbele ya watu walewale, nikausema ushuhuda mzima, vidonge na vyote.

Aling Puring hakunikawiza. "Kwa hiyo muujiza ulikuwa wa uongo?"

"Muujiza ni wa kweli. Niliusimulia nusu."

Wengine wakaguna, mmoja akasema Dita kasoma sana siku hizi. Nikaketi masikio yanawaka.

Nilipokuwa navaa viatu mlangoni, mtu akanivuta kiwiko. Alikuwa yeye, Aling Puring. Akatazama huku na huku.

"Dita," akanong'ona, "hicho kituo kinafunguliwa saa ngapi?"

Ndugu yangu, ukisimama kumshuhudia Mungu, usimfiche nesi aliyemtuma. Anayekusikiliza huenda ana boksi la dawa nyumbani, na anangoja tu umwambie alifunge au alifungue.