Wanamsubiri Kavumbi Avuke

Saa kumi na moja jioni. Ofisi zinafungwa mjini Malindi, lakini Jedida Wangu ndiyo kwanza anavuta kiti karibu na simu ya upepo, redio ya kuitana na vituo vya mbali. Anapangusa kinasa sauti kwa ncha ya kanga, anaweka dadu mbili ndani ya kikombe cha bati, kisha anabonyeza kitufe.

"Jilore, Kilifi, Sabaki. Kazi imekwisha, lango li wazi. Aliye tayari aseme. Ova."

Jilore inaitika. Kilifi inaitika. Sabaki kimya.

Anaita tena. Upepo unakoroma ndani ya mtambo, basi. Jedida anakifunika kikombe kwa kiganja na kunitazama mimi, mwandishi niliyekuja kumhoji.

"Umeona? Tangu masika tumesimama palepale ukingoni. Bila Kavumbi hatuendi."

Jedida ana miaka arobaini na tatu. Alizaliwa Nyeri, akaja pwani kutafuta kazi, na leo Kiswahili chake kimelainika hata jamaa zake wa bara humcheka akienda likizo. Mchana kutwa yeye ndiye sauti ya kampuni moja ya mashamba. Hupokea habari za magunia ya korosho, dizeli iliyokwisha na pampu zilizogoma, kwa mshahara wa shilingi elfu moja na mia mbili kwa mwezi. Jioni, kazi ikiisha, huwa mwongozaji wa safari ambayo haimo katika ramani yoyote.

Mchezo wenyewe aliuona kwa fundi mmoja Mzungu aliyekuja kufunga mitambo. Mwongozaji husimulia wasafiri wako wapi na wanaona nini. Kila mchezaji huchagua awe nani, na zamu yake ikifika hueleza anachofanya. Penye mashaka, dadu huamua. Katika hadithi ya Mzungu mlikuwa na ngome na theluji. Jedida aliviondoa vyote.

"Theluji ya nini hapa? Hata mimi niliyezaliwa karibu na mlima sijapata kuishika!"

Badala yake kuna Mji wa Chumvi, ambako majini wameficha kengele iliyoibwa, na joka limelala mlangoni. Mzee Gona, mtunza ghala wa Jilore, ni mpiga upinde. Kadii, karani wa ghala la korosho kule Kilifi, ni mganga. Kavumbi, anayeangalia pampu ya maji kando ya mto huko Sabaki, ndiye mbeba taa. Wote wanne hawajapata kukaa chumba kimoja. Wanajuana kwa sauti tu.

Ninamwuliza: mtu anayetaka kuanza mchezo kama huu ashike lipi? Jedida hangoji nimalize.

"Beba maji kabla ya upanga. Vijana wa hoteli huja hapa kuniuliza, kila mmoja anataka silaha. Haya, kiu ikikushika utakunywa silaha? Tena usijipe ukubwa. Mzee Gona alipoanza alisema yeye ni mfalme wa majini. Nikamwambia, shikamoo mfalme, lakini mfalme hatumwi, na sisi tunatafuta mtu wa kutumwa."

Anacheka mpaka anajifuta macho. Kisha anatoa dadu moja kikombeni, anaigeuzageuza na kuirudisha.

"Na dadu ikikukataa, sema imekukataa. Kila mtu anarusha yake peke yake huko aliko, hakuna anayemwona. Ukidanganya mara moja mchezo umekufa, hata kama wenzio hawajajua."

Kanuni anayoipenda kuliko zote ni kwamba msafiri haachwi nyuma. Aliiweka mwenyewe, na sasa ndiyo iliyomfunga.

Ilikuwa jioni ya mwezi wa Mei, mwaka huu wa 1986, mvua kubwa. Katika hadithi, wasafiri walikuwa wamefika kwenye mto uliojaa. Lango lilikuwa wazi, yaani mchezo umeshaanza. Kavumbi akaingia kwa sauti ya juu, akasema maji yamevunja ukingo, yamefika mlangoni, tena yanapanda.

Lo, wenzake walifurahi! Waliona leo mbeba taa ameamka, anasimulia vizuri kumshinda mwongozaji. Kadii akamwambia arushe dadu. Mzee Gona akamshauri atupe mizigo apande juu. Kavumbi akarudia, wakacheka tena. Jedida mwenyewe alikuwa akitikisa kikombe.

"Ndipo nikasikia mbuzi," anasema. "Wanalia nyuma ya sauti yake. Katika hadithi yangu hamna mbuzi."

Alifunga mchezo papo hapo na kutafuta msaada. Vijana wa Sabaki wenye mtumbwi walimteremsha Kavumbi kutoka juu ya paa la nyumba ya pampu, mzima. Mbuzi wake wawili, mali yote aliyokuwa nayo, walikuwa wamefungwa kamba kwenye kigingi. Hakupata nafasi ya kuwafungua. Muda ambao angewafungua aliutumia kuwabembeleza wenzake wamwamini.

Tangu siku hiyo lipo neno jipya. Mchezaji yeyote akisema "duniani", hadithi inasimama na kila mtu anasikiliza. Jedida anasema asiye na neno kama hilo asianze kabisa mchezo huu, hata awe na dadu za dhahabu. Lakini neno hilo lilikuja baada ya mbuzi kufa, na Kavumbi hakurudi mchezoni. Kila siku hutuma kipimo cha maji na hali ya pampu, anasema ova, anazima.

"Ningemwambia nini, kwamba tulidhani anacheza? Hilo analijua, na ndilo linalomuuma."

Wengine walimshauri amwue mbeba taa katika hadithi, safari iendelee. Jedida alikataa. Sasa muda wenyewe umekwisha: waya za simu zimefika kwenye vituo, na mwisho wa mwezi mitambo ya upepo itang'olewa. Mchana wa leo, alipopokea kipimo cha maji, alimpa Kavumbi habari hiyo. Kavumbi alisema ameisikia.

Jedida ananyanyua mkono afunge mtambo. Sauti inakwaruza.

"Sabaki hapa. Mko mchezoni au mko duniani? Ova."

Kikombe kinamponyoka Jedida. Anakiacha chini.

"Duniani, Bwana Kavumbi. Ova."

"Basi semeni mlilonifanyia. Ova."

Jedida anakishika kinasa sauti kwa mikono miwili. "Ulituita tukakucheka. Mbuzi wako walikufa sisi tukirusha dadu. Mimi ndiye mwongozaji, ilinipasa nisikie kabla ya wote. Niwie radhi, ndugu yangu. Ova."

Kadii naye anaomba radhi kutoka Kilifi, huku akilia. Kisha inaingia sauti nzito ya Jilore.

"Kavumbi mwanangu, ni Gona. Mimi nilikwambia utupe mizigo. Ninaye mbuzi jike hapa, ana mimba, ni wako. Nilikuwa nangoja useme neno nikuletee. Na usidhani ni wa hadithini, anatafuna shati langu saa hii. Hebu msikilize."

Katika simu ya upepo ya kampuni, mbuzi analia, sauti kali ya kuchokozwa.

Jedida anausogelea mtambo. Anachotaka amekwisha kunieleza: safari ifike Mji wa Chumvi kabla ya mitambo kung'olewa, kisha wote wanne wakutane hapa Malindi, wanywe chai meza moja, waonane sura.

"Huyo ana njaa, mzee Gona, mpe majani," anasema Kavumbi hatimaye. Anakohoa kidogo. "Haya, dada Jedida. Fungua lango. Niko ukingoni, taa ninayo. Maji yamefika wapi? Ova."

Jedida anazitazama zile dadu zilizoanguka sakafuni. Haziokoti.

"Yamepungua," anasema. "Vuka."