Chozi Lililomwangukia Bibi

Hapana, Mama, sikuota. Mtu huota huku anapara samaki? Kisu nilikuwa nacho mkononi, magamba yamenijaa vidoleni, na jua la alasiri liko pale pale uani. Unasema nimemwaga maji ya samaki. Haya, maji ya samaki hunuka kafuri ya maiti?

Yaliyonipata leo ni kweli, na nayaandika kabla hamjanigeuzia maneno.

Jicho langu la kushoto hutoka machozi tangu utotoni. Silii, ni ugonjwa. Daktari wa macho wa Mombasa alinieleza kuwa njia ya machozi imeziba, wataifungua kwa kupitia puani, wakitumia kijibomba chembamba chenye taa. Mama akaruka: "Wakutie chuma puani? Wakikufika ubongo je?" Nami, wallahi, niliogopa kumshinda yeye.

Kisha Bibi, mamake Mama, akafa kule Mambrui. Kwetu chozi halimwangukii maiti, litamtesa. Wanawake tulipoitwa kumuaga, Shangazi akanizuia mlangoni. "Wewe mwenye kilio, baki huko."

"Shangazi, silii, ni jicho!"

Nikapenya. Nilipoinama, chozi likadondoka shavuni pake. Shangazi akalipangusa upesi, lakini lilikuwa limeshafika.

Sasa matanga yamekwisha. Leo nainua kichwa, namwona mtu ameketi juu ya mbuzi ya Bibi, ile ya kukunia nazi tuliyorudi nayo kutoka Mambrui. Mazoea mabaya: nikasema "shikamoo" kabla sijakumbuka kwamba tumemzika. Shavu lake moja lilichuruzika maji. Akilifuta, linalowa tena.

"Silali, mjukuu wangu," akasema. "Kila jicho lako likidondosha, mimi hulowa. Utakauka lini?"

"Bibi, naogopa kutiwa chuma puani."

"Mimi nilitiwa pamba puani. Ulinisikia nikipiga kelele?"

Paka aliyekuwa akingoja matumbo ya samaki alitoka mbio, nami nikageuka kumtazama. Niliporudisha macho, hapana mtu. Mbuzi imelowa upande mmoja tu; nikayagusa maji yale, yananuka kafuri. Mikono nimeiosha kwa sabuni, nikaisugua kwa ndimu, na harufu ya kafuri haijatoka mpaka sasa.

Wewe usomaye, kama una jicho kama langu, litibu kabla hujafiwa. Usingoje kuambiwa na mwenye kuloweshwa.

Mama bado ananung'unika jikoni. Na anung'unike. Kesho asubuhi nashika basi la kwanza la Mombasa, na nikifika kwa daktari nitamwambia: pua hii hapa.