Siku Tangi Liliponyamaza

Zamani nikiulizwa kazi yangu ni nini, nilikuwa najibu kwa maringo: napima hatari. Kiwanda chetu cha mafuta ya kupikia, huku Changamwe, kilinipa fomu. Kila hatari unaipa namba mbili, kuanzia moja hadi tano: uwezekano wa kutokea, na madhara yake ikitokea. Unazizidisha. Jibu likiwa kubwa, kazi inasimama mpaka kinga ipatikane. Likiwa dogo, watu wanaendelea.

Kwenye kuosha tangi la mafuta, kazi ya kuingia ndani yake, niliandika madhara tano, maana humo akosaye hewa hufa. Kuhusu uwezekano nikamwuliza msimamizi, mzee wa Likoni aliyenitangulia kazini miaka mingi.

"Wallahi, mwanangu, tangu niingie hapa hajafia mtu humo."

Nikaandika moja. Tano mara moja ni tano, hatari ndogo. Basi kamba haikuhitajika, wala mtungi wa hewa kuwekwa karibu. Mjinga mimi! Niliipima bahati nikadhani nimepima hatari.

Vibarua walikuwa na kinga yao wenyewe: aliye ndani hugonga ukuta kwa spana kila baada ya kitambo, na aliye nje humjibu. Asubuhi ile ndani alikuwa kaka mtu, nje mdogo wake, wote wa Mjambere. Nami nimesimama hapo na fomu yangu, nasikia ngo, ngo. Mara kimya.

Mdogo akagonga. Kimya. Akagonga kwa nguvu, akaita, "Kaka! We kaka!" Akaingiza kichwa kwenye mlango wa tangi. Nikamrukia, nikamkamata mshipi.

"Niache, dada! Ni ndugu yangu!"

"Ukiingia mtakuwa wawili!"

Nilifundishwa hivyo: anayekimbilia kuokoa bila hewa ndiye maiti wa pili. Akanipiga kiwiko cha kifua, sikuachia. Nilimpigia msimamizi kelele alete mtungi. Mtungi ulikuwa stoo ya nyuma, na mwenye ufunguo kaenda kunywa chai. Niliogopa hata kupumua, nikaona kama namnyang'anya hewa yule wa ndani.

Mzee alivunja kufuli. Akavaa barakoa ya mtungi, akaingia na kamba, akamfunga, sisi tukavuta. Kaka akatoka amelowa mafuta, anatuteleza mikononi, midomo imebadilika rangi. Tukamlaza chini. Halafu akakohoa. Mama yangu! Nililia palepale, mbele ya wanaume wote.

Yuko hai, ingawa siku nyingine husahau njia ya kwao. Wiki iliyofuata mdogo wake alinisubiri langoni. Alinisalimu kwa heshima zote, kisha akaniuliza, "Dada, niambie kweli. Angekuwa ndugu yako wa tumbo moja, ungebaki nje?"

Nikamjibu ndiyo, ndivyo tulivyofunzwa. Nilimdanganya. Haki ya Mungu, ningejitosa, na tungekufa wote wawili.