Siku Nilipolitimua Banda Zima la Video

Mtafsiri wa banda la video pale Gungu alivimba koo siku ya Ijumaa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Sikumtakia mabaya. Nilikitaka kipaza sauti chake tu.

Banda letu lilikuwa la mabanzi, ndani limetundikwa mifuko ya saruji ili mwanga usipenye, na picha zake zote zilikuja kwa Kiingereza au Kichina, lugha ambazo watazamaji walizielewa sawasawa, yaani hawakuelewa hata moja. Kwa hiyo pembeni ya televisheni alikaa mtu na kipaza sauti, akisema kwa Kiswahili maneno ya kila mtu: steringi, yaani shujaa wa picha, adui, mchumba wa steringi, hata mbwa. Picha yenyewe ilikuwa kisingizio, watu walikuja kumsikia yeye. Juu ya mlango kulitundikwa spika, ili wapita njia wasikie utamu nao waingie.

Tajiri wa banda alikuwa Mmanyema wa Ujiji, asiyevua baraghashia hata joto liwe la tanuri. Alinisikiliza nikimwigiza mwalimu wetu wa hesabu, akacheka, halafu akakunja uso haraka kama mtu aliyefumaniwa. Akaniambia nitajaribiwa Jumamosi mchana.

"Watu wakikaa mpaka mwisho, kipaza sauti ni chako likizo nzima. Wakitoka kabla, unarudi kwenye madaftari yako."

Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Hilo halikunitisha hata kidogo. Mtafsiri mwenyewe alikuwa ameishia darasa la nne, na magaidi wake walizungumza vizuri kuliko mkuu wetu wa shule.

Picha ya siku hiyo ilikuwa hivi: jamaa mmoja mkewe anauawa na bomu la magaidi sokoni. Anaapa kulipiza kisasi. Anaingia kwenye kikosi cha kuwasaka magaidi, na kikosi kinamwambia kazi ni kazi, kisasi aache nyumbani. Nadhani. Walizungumza sana hapo katikati, nami nikajaza kwa akili yangu.

Banda lilijaa. Katikati walikaa akina mama wa Kirundi, na mbele yao mmoja muuza karanga, kapu mapajani. Nyuma walikuwepo Wakongo, wakiongozwa na fundi cherehani aliyepiga pasi suruali mpaka mkunjo unaweza kukata nyanya. Pembeni walikuwepo Waha wa Simbo walioleta mihogo mjini. Na benchi la pili alikaa mgambo mmoja wa kata, bila sare siku hiyo, anatafuna muwa.

Tatizo la kwanza lilikuwa magaidi waongee vipi. Nikawapa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa. Fundi cherehani akasimama, akauliza kwa heshima zote kwa nini kila muuaji atoke kwao, na kama nimewahi kumwona Mkongo akienda kwenye shughuli yoyote na nguo mbaya namna ile. Nikawahamishia kwenye lafudhi ya Kirundi, benchi zima la akina mama likaguna. Nikawapa ya Kiha. Watu wa Simbo walinitazama tu, na ilitosha. Mwishowe magaidi wakaongea kama watu wa Dar es Salaam, na hapo hakuna aliyesimama kuwatetea.

Baada ya hapo mambo yakawa matamu. Adui akijificha, banda lote linamwelekeza steringi: kulia, kulia, angalia juu ya bati. Nilipomfanya mkuu wa magaidi awe na mke mdogo mtaa wa Katubuka, watu walijigonga mapaja. Yule mama wa karanga alikuwa amemwonea steringi huruma tangu mazishi ya mkewe, na kila sahani ilipoletwa akaisukuma, mama alilalamika. Alitaka ale kwanza, kisasi baadaye. Kule mlangoni tajiri alianza kunikubalia kwa kichwa, nami nikaiona likizo yangu ikijipanga mbele yangu kama sikukuu.

Ndipo kikosi kikavamia nyumba ya magaidi.

Mlango ulipigwa teke. Kamanda akapayuka kitu kirefu kwa Kiingereza, sikuambulia hata neno. Ikabidi nijiulize askari akivamia nyumba husema nini, na kichwani mwangu kulikuwa na askari wa aina moja tu: wale wa msako, waliokuwa wakipita mitaani kwetu kuwasaka wakimbizi waliotoka kambini bila kibali. Sauti yao kila mtoto wa Gungu aliweza kuiigiza. Nikaitoa yote, kutoka tumboni.

"Wote chini! Vibali mkononi! Asiye na kibali apite mbele!"

Niliigiza vizuri mno.

Sijui nani alianza. Najua benchi la akina mama liliinuka likiwa zima, kama ndege juu ya mtama, na ukuta wa upande wa ziwa ukaondoka nao. Mabanzi, mifuko ya saruji, vyote. Wakongo walipita mlangoni kwa pamoja, fundi akiwa ameinua suruali yake kwa vidole viwili isije ikachafuka. Na ile spika ya nje, nilikuwa nimeisahau kabisa, ikawa imetangaza msako mtaa mzima. Wauza dagaa walikimbia na mizani. Kwa kinyozi jirani alitoka mteja na shuka shingoni, kichwa upande mmoja kimenyolewa, upande mwingine bado kina nywele zake tangu Desemba.

Aliyekuwa mbele ya wote, nakuapia, ni mgambo.

Nikabaki mimi, tajiri na televisheni. Steringi alikuwa anamwambia mwenzake jambo la uchungu sana, nami nikaendelea kulitafsiri, kwa mabenchi, kwa sababu sikujua lingine la kufanya. Tajiri alitazama lile tundu ukutani. Kisha akanitazama mimi. Likizo yangu ilikuwa imetoka na ukuta kupitia tundu hilo hilo.

Walirudi kidogo kidogo, kufuata ndala zao. Kwanza walinuna. Halafu wakatazamana usoni, na mmoja akacheka, ikawa basi tena. Mgambo aliulizwa yeye alikimbia nini. Akajieleza kwamba msako haukuwa kwenye ratiba, na mtu akiona wenzake wanakimbia hawezi kukaa kuuliza. Mzee mmoja wa Simbo, Mha wa kuzaliwa hapa hapa, alisema mara ya mwisho alijitetea kwa Kiha, na wale askari wakasikia Kirundi, wakampandisha gari haraka zaidi. Tangu hapo hukimbia kwanza.

Mama wa karanga alikuja mpaka kwenye meza yangu. Hakucheka.

"Mwana wanje, mwanangu, huyo askari umemtoa wapi?"

Nikamwonyesha televisheni.

"Oya, hapana. Huyo anasema Kizungu. Kizungu hakijawahi kunikimbiza mimi."

Nikamwamkia tu, shikamoo, kana kwamba ndiyo kwanza tumeonana. Akaniangalia weee, halafu mdomo ukamcheza. Akamwamuru tajiri arudishe kanda pale pale, na safari hii askari wapige hodi kama watu waliolelewa.

Tajiri alisema kanda huchakaa. Banda zima likamwambia ukuta nao huchakaa. Akarudisha.

Mlango ukapigwa teke tena, buti zikaingia, bunduki zikaelekezwa kila pembe. Nami kwa sauti ya mkwe mpya nikasema: "Hodi hodi. Shikamooni wazee. Samahani kwa usumbufu, tumekuta mmelala?" Watu walianguka. Fundi cherehani alilia machozi, akayafuta kwa kitambaa kilichopigwa pasi.

Walikaa. Mpaka steringi alipompigisha mkuu wa magaidi magoti na kumwekea bastola kichwani. Nyuma walitaka ammalize. Mama wa karanga akainua mkono.

"Akimuua, ndugu zake watamfuata. Ataacha nyumba, ataishia kambini kama sisi."

Risasi ikalia.

"Haya," akasema mama. "Na afunge mizigo."

Steringi akaondoka taratibu kuelekea jua linapozama, akanong'ona neno moja la mwisho. Sikulielewa. Nikasema, "Jamani, kambi ni njia ipi?" na benchi lote la akina mama likajibu kwa pamoja, likielekeza kwa mikono, mama wa karanga akicheka mpaka karanga zikamwagika.

Tajiri alizima deki. "Walitoka," akaniambia.

"Wakarudi," akasema mama, akiokota karanga zake.

Tajiri alitafakari, baraghashia imeloa jasho. Akasema kesho nigongelee ukuta, kisha kipaza sauti ni changu, kwa sharti moja: askari wangu, wawe wa nchi yoyote, wasimuulize mtu kibali ndani ya banda lake.

Mpaka shule inafunguliwa, kila kikosi kilichopita kwenye televisheni yetu pale Gungu kilivunja milango ya watu kwa teke, kisha kikauliza habari za nyumbani.