Bega langu, bawa la kuku na mkono wa baba

Wakuu, assalamu aleikum. Ninayoandika hapa yamenipata mwenyewe, na sehemu moja inanitia aibu mpaka leo.

Mimi nachinja na kuuza kuku Bondeni, kazi niliyorithi kwa baba. Mwaka jana niliteleza na tenga la kuku, nikaangukia bega la kulia.

Baba akasema ni mshipa tu. Kwetu ukitetereka unachuliwa, na yeye ndiye aliyetuchua sote tangu utotoni.

Mafuta ya simsim yaliyopashwa moto, kila siku baada ya Magharibi, kisha anauvuta mkono juu. Nilikuwa nauma meno tu. Wiki sita nilimwachia, maana kumkatalia mzee aliyekulea si kazi nyepesi.

Mkono ukagoma kabisa.

Nikaenda hospitali kwa siri, nikapigwa skani. Dada wa fiziotherapia akatazama skani, akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia.

"Basi ule mnofu wa ndani wa kidari waujua. Una kano nyeupe. Kaivute."

Nikaivuta mezani kwangu. Bawa likainuka. Wakuu, miaka ishirini nazikata kano zile na kuzitupa, sikuwahi kujiuliza ni za nini.

Kumbe msuli unaoinua bawa umekaa chini kifuani. Kano yake inapita baina ya mifupa ya bega na kushika juu, kama kamba ya kisima kwenye gurudumu.

Yule dada alinieleza kuwa ndege wa kale kabisa, wale walioacha alama kwenye mawe, hawakuwa na mpango huo. Mabawa walikuwa nayo, manyoya pia, ila bega halikuwaruhusu kuyainua juu ya mgongo. Walirukaje, wataalamu bado wanabishana.

Sisi mkono wetu unainuliwa na msuli mdogo juu ya bega. Kano ya wangu ilichanika nilipoanguka, na kila nilipovutwa ikazidi.

Sikumwambia baba. Alipolala kitandani mara ya mwisho aliniuliza, "Bega laendeleaje, mwanangu?"

"Lainuka, baba. Mkono wako una baraka."

Akatabasamu.

Kwenye swala ya jeneza lake, takbira nne za kuinua mikono, mkono wa kushoto ulifika sikioni. Wa kulia uliishia kifuani, mara zote nne.

Ukianguka, pigwa picha kwanza ndipo uchuliwe. Hilo nina hakika nalo. Kama nilifanya vyema kumdanganya, sijui.

Nyinyi mngemwambia?