Harufu ya Vitunguu Saumu Chumbani kwa Bibi

Harufu ilipoanza chumbani kwa bibi hakuna aliyeshangaa. Bibi, yaani mama yake baba, alikuwa ametoka kwake Nambis na kiroba cha vitunguu saumu, maana huko kwao ndilo zao lao na hawezi kuja kwetu Endasak mikono mitupu. Alikisukuma uvunguni mwa kitanda. Baada ya siku chache chumba kikawa kinanuka vitunguu saumu, tukajua ni vyenyewe. Mdogo wangu wa darasa la kwanza, ambaye ndiye anayelala na bibi, alikuwa anamwambia, "Mchumba, unanuka mboga." Bibi anamjibu, "Na wewe unanuka mkojo. Tumelingana."

Chumba hicho hicho ndicho baba alichoweka mahindi. Msimu uliopita watu walivunja mlango wa banda wakabeba magunia, na tangu hapo baba hataki kusikia habari ya mahindi kulala nje. Mahindi yanalala na sisi. Magunia yalipangwa ukutani mpaka karibu na dari, kitanda cha bibi kikasogezwa kwenye kona. Mwaka huu aliyaingiza kabla hayajakauka vizuri, kwa sababu ukungu wa mlima ulikuwa unashuka kila asubuhi na jua lilikuwa la kubahatisha. Akaogopa dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi. Akaenda duka la pembejeo, akarudi na vidonge vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, akavichomeka ndani ya magunia na kuyashona. Halafu akapigilia nailoni dirishani, ili dawa isipoteze nguvu na pia mama yake asipigwe na baridi. Mimi ndiye niliyemshikia misumari. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja akaangalia kazi yake, nikaona ameridhika.

Bibi akaanza kuumwa kichwa. Kwanza kidogo, baadaye akawa anaamka akitaka kutapika, na kifua anasema kimebanwa kama amebebeshwa kitu. Mama alisema ni baridi. Baba akasema labda ni maharage, hajazoea maharage yetu. Alipimwa malaria, hana. Bibi mwenyewe alisema ni uzee, akataka aachwe alale. Basi akaachwa alale, mchana na usiku, mlango umefungwa.

Mimi sikuwa natulia. Ilikuwa likizo, nilitakiwa nisome kwa ajili ya kidato cha tatu, lakini nilikuwa nafungua kitabu, nafunga, naenda mlangoni kwa bibi, nasikiliza kama anapumua, narudi. Nikikaa, miguu inatikisika yenyewe. Mama aliniambia, "Wewe una siafu kwenye nguo? Kaa chini." Nikakaa. Nikanyanyuka tena. Sikuweza kumwambia ninachohofia kwa sababu sikuwa na jina lake. Nyumbani kwetu mimi ni yule anayeitikia tu. Wageni wakija natoa shikamoo, naleta maji ya kunawa, napotelea jikoni.

Jumamosi moja asubuhi bibi alisema harufu inamkera, akaniomba nimtolee kile kiroba. Nikakiburuta mpaka jikoni, kule nje, kibanda kilichoko mbali na nyumba. Nikafagia uvungu. Nikafuta sakafu kwa maji. Baada ya kufua na kuanika nguo nikarudi kumwangalia, na nilipofungua mlango harufu ilikuwa pale pale. Siyo mabaki. Ilikuwa kali kuliko jana, na ilikuwa na kitu kingine ndani yake, kama samaki aliyesahaulika kwenye mfuko. Nikanusa kitanda, hakuna. Nikanusa blanketi la bibi, linanuka moshi tu. Nikainama kwenye magunia. Ilikuwa inatoka huko.

Mdogo wangu alikuwa amelala pembeni ya bibi, saa nne asubuhi. Huyu mtoto halali mchana hata akiwa na homa.

Sikumwambia mtu. Nilitoka nikashuka barabarani hadi dukani, natembea nusu nakimbia. Muuzaji ni kijana, anapenda kutania wanafunzi.

"Karibu, daktari. Nikupe nini?"

"Naomba kuona kopo la vidonge vya mahindi."

"Kuona? Hapa siyo makumbusho. Hapa tunauza."

"Baba amenituma," nikasema, na haikuwa kweli.

Akalitoa huku ameshikilia kifuniko, kama vile ningeweza kulimeza. Maandishi yalikuwa madogo, ya Kiingereza. Nilielewa nusu, lakini nusu hiyo ilitosha. Fosforasi tuliisoma darasani kipindi kimoja tu, mwalimu akatuambia inapenda kuungana na vitu. Kwenye kopo iliandikwa kuwa imeungana na alumini, na kwamba kidonge hakiui wadudu chenyewe. Kinasubiri unyevu. Kikipata unyevu wa hewa, au wa mahindi ambayo hayajakauka, kinaachia gesi, na gesi ndiyo inayoua. Inaua dumuzi, na haichagui. Gunia la nailoni limefumwa, lina matundu kila mahali, kwa hiyo gesi inatoka kama inavyotaka. Kisitumike kwenye nyumba inayokaliwa na watu. Halafu mstari wa chini ukaeleza gesi yenyewe inanukaje, na pale katikati ya maneno magumu nikaona kitunguu saumu.

Nikamuuliza, "Mtu akilala nayo chumba kimoja?"

Kijana akaacha kutabasamu. "Nani analala nayo?"

"Bibi. Na mdogo wangu."

"Mimi si huwa nawaambia wasiweke ndani ya nyumba."

"Baba hukumwambia."

Akaangalia kopo, akaangalia nje. "Labda alikuja siku ya mnada, watu ni wengi," akasema taratibu. "Watoke. Kwanza watoke, halafu mfungue madirisha. Msikae humo mnajadiliana. Na wapelekeni kituo cha afya."

Njia ya kurudi ni kupanda. Nilikuwa nimepanga sentensi nzima ya kumwambia baba, yenye heshima, inayoanza na samahani. Nilipofika uani baba na mama walikuwa wanapura maharage kwa fimbo, vumbi limewafunika, na sauti ya fimbo ilimeza samahani yangu yote.

"Baba."

Wakaendelea kupiga.

"Baba!"

Akasimama, fimbo iko juu. Sijawahi kumpigia baba kelele maishani mwangu. Mama naye akasimama.

"Bibi atoke chumbani."

"Amelala, mwache."

"Vile vidonge vinatoa sumu. Harufu siyo ya vitunguu. Vitunguu nimetoa, harufu imebaki."

"Nani amekwambia?"

"Nimesoma kwenye kopo, dukani."

"Watu wote hapa wanaweka vidonge," baba akasema. "Tangu lini vikawa sumu kwetu tu?"

"Wanaweka na kulala humo?"

Alijifuta uso kwa mkono, vumbi likawa tope. "Kwa hiyo unataka nitoe mahindi nje? Yakiibiwa utakula kemia?"

"Sijui kuhusu mahindi," nikasema. "Bibi atoke. Na mtoto."

Sikusubiri. Nilivuta pumzi nje, nikaingia nayo, nikang'oa nailoni dirishani kwa mikono, misumari ikaruka. Mdogo wangu nilimbeba begani kama kiroba. Alikuwa mzito na hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Bibi akafungua macho.

"Mke mwenza, unanifukuza kwa mume?"

"Nakufukuza, bibi. Inuka."

Alijaribu, miguu ikakataa. Hapo nikasikia mtu nyuma yangu, akanisukuma kando. Ni baba. Akamnyanyua mama yake mzima mzima, blanketi na kila kitu, akatoka naye.

Waliondoka kwa pikipiki mbili: bibi katikati ya dereva na baba, mama na mdogo wangu kwenye nyingine. Mdogo wangu alitapika kabla hawajafika barabarani. Mimi niliachwa niangalie nyumba. Ya kuangalia nini, sijui, maana kuingia siwezi. Nilifungua mlango wa mbele na wa nyuma, nikaifunga kwa kamba isirudi, nikaanza kuizunguka nyumba. Nilizunguka mpaka nikaacha njia kwenye majani. Nilijaribu kupura maharage, nikapiga mara mbili, nikatupa fimbo. Niliwaza kama bibi akifa watasema alikufa kwa uzee, watamzika vizuri, halafu mdogo wangu atarudishwa kulala mle mle. Niliwaza nyumba zote za njia ile nilizopita, madirisha yamezibwa na nailoni. Simu aliondoka nayo mama.

Baba alirudi jua likiwa limeegemea mlima, peke yake. Sikuthubutu kumuuliza. Aliloweka shuka, akajifunga usoni, akasimama kwanza mlangoni akinusa. Halafu akaanza kuburuta magunia, moja moja, mpaka kwenye banda lile lenye mlango uliovunjika. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa mkono. Ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka na alijua kabisa yatapata unyevu. Akayafunika na turubai, akakaa kwenye gogo mbele yake, shuka imening'inia shingoni.

Nikampelekea maji. Nikabaki nimesimama.

"Wamelazwa mpaka kesho," akasema. "Nesi anataka kuwaangalia."

"Mtoto?"

"Mtoto anakimbia wodini. Anataka kurudi leo."

"Na bibi?"

Alikunywa maji yote kwanza. "Amepewa uji. Amemgombeza nesi."

"Kwa nini?"

"Anasema uji mwepesi, kama maji ya kufulia."

Nilicheka. Baba aliangalia nyumba, milango imeshikiliwa wazi kwa kamba, giza linaingia ndani bila mtu. "Kesho twende wote kwa jirani hapo chini," akasema. "Watoto wake wanalala na magunia. Mimi nitabisha hodi, wewe utaeleza."

Nikamwambia ndiyo.

Alisogea kidogo kwenye gogo. Nikakaa.